Robo ni Robo: Daftari la Matuta, 1984

Jumatatu, 3 Septemba

Leo mwalimu Ndolo ametupa hesabu ya Juma aliyekula nusu ya chungwa na Amina aliyekula robo. Nikamuuliza, hayo machungwa wameyatoa wapi na jua hili? Darasa lote la ngumbaru, watu wazima watupu, likacheka. Mwalimu akasema, "Kalunde, jibu swali." Nikajibu robo tatu, na nilikuwa sawa. Lakini swali langu halikujibiwa.

Amesema tuandike kila siku kwa Kiswahili, tusiandike Kikamba, ili mkono uzoee. Sawa. Mimi ni Kalunde, mama Syokau, mjane, umri nadhani ni arobaini na moja. Naishi mlimani, juu ya soko la Mbumbuni. Mvua haijanyesha vizuri tangu mwaka jana. Nyumbani nina nusu debe ya mbegu, mahindi na kunde, na hiyo haifunguliwi mpaka mvua ije. Atakayeifungua tutajuana.

Jumanne, 4 Septemba

Tumechimba. Vumbi tupu.

Jumatano, 5 Septemba

Wacha nieleze hii kazi ya matuta, nisije nikasahau ilivyokuwa. Zamani tulichimba kwa mwethya: kina mama wote kwa shamba la mmoja, wiki ijayo kwa mwingine, na nyimbo juu. Tangu Julai umekuja mradi wa chakula. Sasa kila mama anachimba peke yake na kupimwa. Kipande kimoja ni hatua kumi na mbili za mtaro, kina futi mbili, udongo unarushwa juu. Ukimaliza kipande unapata kilo nne na nusu za mahindi ya njano. Usipomaliza, unaandikiwa sehemu uliyochimba.

Anayepima kwa fimbo, kupiga kigingi ulipofika na kuandika ni karani Musembi, mtoto wa mama Kaluki, mwenyekiti wa kikundi chetu. Alifika Form Two. Kila Jumamosi anajumlisha wiki yako, anakupa chiti, unaenda nayo stoo Mbumbuni, mtu wa stoo anapima kilo kulingana na chiti. Basi.

Alhamisi, 6 Septemba

Kina Nzilani, wenye mgongo wa chuma, wanamaliza kipande kila siku. Mutindi, jirani yangu, amepita miaka sabini. Yeye anachimba robo, hatua tatu, halafu anakaa. Kesho robo. Kesho kutwa robo. Mimi niko katikati, siku nyingine kipande, siku nyingine nusu.

Jumamosi, 8 Septemba

Chiti.

Jumatatu, 10 Septemba

Nusu kipande leo. Hatua sita.

Jumanne, 11 Septemba

Theluthi. Hatua nne, halafu Syokau akashikwa na homa nikaacha jembe palepale.

Jumamosi, 15 Septemba

Wiki yote nimekuwa dispensari na mtoto. Amepona, Mungu asifiwe. Nimepata chiti yangu ya siku mbili: 1/2 + 1/3 = 2/5. Stoo wamenipimia kilo moja na kitu, mfuko ukawa mwepesi mpaka nikafikiri umetoboka.

Jumatatu, 17 Septemba

Mwalimu Ndolo amefundisha kujumlisha sehemu ambazo namba za chini hazifanani. Anasema huwezi kujumlisha nusu na theluthi hivihivi, ni kama kujumlisha mbuzi na kuku ukasema una ng'ombe. Lazima kwanza zifanane chini. Nusu inakuwa tatu juu ya sita, theluthi inakuwa mbili juu ya sita, jumla ni tano juu ya sita.

Nikatoa chiti yangu mfukoni. Mbili juu ya tano.

Kwanza nilijiambia, Kalunde, umekosea wewe. Huyu kijana ana Form Two, wewe ulianza kushika kalamu mwaka jana. Nikafanya tena. Tano juu ya sita. Nikafanya mara ya tatu mpaka penseli ikakatika. Tano juu ya sita, haki ya nani!

Baada ya darasa nimepanda moja kwa moja mpaka kwenye mtaro wangu wa wiki jana. Nikatembea. Hatua sita, kigingi cha Jumatatu. Hatua nne nyingine, kigingi cha Jumanne. Ni hatua kumi, nimezichimba mimi, nimezitolea jasho. Halafu nikahesabu mbili juu ya tano ya hatua kumi na mbili. Hatua hata tano hazifiki! Nilisimama pale, na kigingi cha Jumatatu kilikuwa bado mbele yangu. Ina maana Jumanne sikuchimba, Jumanne nilikuwa nafukia.

Nilipaswa kupata kilo tatu na robo tatu. Nilipewa moja na nne juu ya tano. Karibu kilo mbili zimeliwa na karatasi.

Huyu Musembi ni mwizi. Naandika tena: mwizi.

Jumanne, 18 Septemba

Nimepita kwa Mutindi kuomba moto. Nikamkuta anachemsha kitu, nikafunua sufuria. Mahindi meupe. Mahindi ya mbegu.

"Mwaitu, mama, hiyo si mbegu?"

"Ilikuwa mbegu," akasema. "Sasa ni chakula."

"Na chiti zako? Unachimba kila siku!"

Akanitolea chiti zake zote kwenye kitambaa, kumi, maana hajui kusoma na mtu wa stoo humrudishia. Nikakaa chini na kuzisoma. Wiki aliyochimba siku nne: 1/4 + 1/4 + 1/4 + 1/4 = 4/16. Wiki ya siku sita: 6/24. Wiki ya siku tano: 5/20. Musembi anajumlisha za juu, anajumlisha za chini, anaridhika. Na mtu wa stoo, ambaye anajua kugawa, anaona 4/16, anasema hiyo ni robo, anapima robo ya kilo nne na nusu.

Kwa hivyo huyu mama achimbe siku nne, achimbe siku sita, robo ni robo. Siku zingine zote anachimbia hewa! Wazee wanasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa Musembi haba na haba hupunguza kibaba.

Sikumwambia kitu. Nimelia nikirudi nyumbani, na si kwa huzuni, ni hasira.

Jumatano, 19 Septemba

Nimemwonyesha mwalimu Ndolo. Alizipitia zote na kalamu yake nyekundu. Akaifunika kalamu, akasema, "Hesabu yako ni sawa kabisa."

"Basi twende tumwambie."

"Kalunde, tunasomea kanisani. Ufunguo wa kanisa uko kwa mzee wa Kaluki, baba yake Musembi. Hesabu ni sawa lakini wakati si sawa. Mwenye nguvu mpishe."

Huyu ni mwalimu! Anatufundisha kuhesabu halafu anatuomba tusihesabu. Nilimwambia kama ni hivyo aturudishe kwa Juma na chungwa lake. Nikatoka bila kuaga. Ndiyo, bila kuaga.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimemwendea Musembi mwenyewe pale anapokaa na daftari lake chini ya mwavuli. Nilimwambia polepole, na heshima zote. Akanitazama kama mtoto amemtapikia kiatu.

"Mama Syokau, juu unajumlisha na juu, chini unajumlisha na chini. Mimi nimefika Form Two. Wewe uko ngumbaru."

"Na nne juu ya kumi na sita ni kubwa kuliko moja?"

"Kumi na sita ni kubwa kuliko moja, ama?"

Wee! Kila mtu alikuwa anasikiliza. Halafu akafungua daftari, akapiga mstari. Akasema jina langu limetoka kwenye orodha mpaka nijifunze adabu.

Njaa haina adabu, nimemwambia hivyo. Nikachukua jembe nikaenda nikachimba kipande changu kizima bila kuandikwa. Wacha akione kila akipita.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimechimba tena bila kuandikwa. Nzilani ameniuliza kama nimerukwa na akili. "Chimba haraka kama sisi, uandikiwe moja, moja, moja. Moja hazikosewi."

Ni kweli, moja hazikosewi. Wanaoliwa ni wale wa vipande vipande: wazee, wajawazito, wenye mtoto mgonjwa.

Jumamosi, 22 Septemba

Leo jambo limegeuka na bado linanizunguka kichwani.

Kaluki alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunigombeza kwa ajili ya mtoto wake, nikajipanga mlangoni mikono kiunoni. Kumbe amekuja na chiti yake. Wiki hii alichimba nusu, nusu, na robo, maana mgongo unamsumbua. Mtoto wake mwenyewe amemwandikia 3/8.

"Nisomee," akasema. "Nimechimba kipande kimoja na robo, nimehesabu kwa vidole. Hii hapa inasema nini?"

Nikamwambia inasema hata nusu hajafika.

Akakaa kwenye kiti. Sasa hapo ndipo nilipoona ubaya wa nilichoandika tarehe kumi na saba. Mwizi gani anamwibia mama yake? Kama angekuwa mwizi, angemwandikia Kaluki hata vipande kumi. Musembi haibi. Musembi hajui! Alifundishwa vibaya ama alikuwa anatazama nje dirishani siku ya somo hilo, na tangu hapo hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza, kwa sababu ana kalamu.

Na hii, naona, ni mbaya zaidi. Mwizi anajificha, unaweza kumshika. Mtu aliyekosea na ana uhakika anakupunja mchana kweupe, na anakuaga vizuri.

Jumatatu, 24 Septemba

Tumeifanya.

Asubuhi kabla Musembi hajafika, Kaluki aliwaita kina mama wote kwenye mtaro wangu. Nikasimama kigingini. Sina maneno ya kanisani, nikasema tu, "Jumatatu nilichimba mpaka hapa. Jumanne nikaendelea mpaka pale. Tunaelewana?" Wakasema ndiyo. Nikarudi nyuma, nikapita kigingi cha Jumatatu, nikasimama hatua ya tano haijaisha. "Daftari linasema nilifika hapa."

Halafu Nzilani akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. "Kwa hivyo Jumanne ulikuwa unarudisha udongo ndani?"

"Muulize karani!"

Wakacheka wote. Halafu nikawaeleza robo za Mutindi, wiki kwa wiki, na kicheko kikaisha. Nzilani akamtazama Mutindi, akanitazama mimi. Akasema, "Mimi naandikiwa moja. Lakini mwethya haina wenye nguvu na wasio na nguvu." Alivyosema hivyo nilimsamehe kila kitu alichonitania tangu Julai.

Musembi akafika. Kaluki akamwambia mbele yetu, "Mwanangu, kuanzia leo tunachimba, lakini hatupimwi."

"Mama, msipopimwa hamtakula."

"Tumepimwa na hatujala."

Akachukua ile fimbo ya kupimia mkononi mwa mtoto wake, akaiweka begani, akaanza wimbo. Tukamfuata shamba la kwanza. Ilikuwa shamba la Mutindi. Kina mama thelathini na mmoja kwa shamba moja, kama zamani. Musembi alibaki na mwavuli wake.

Alhamisi, 27 Septemba

Tumechimba. Tumeimba. Uji mwepesi.

Jumatano, 3 Oktoba

Mwalimu Ndolo amekuja mtaroni na jembe. Amechimba nasi. Jioni akasema darasa sasa litakuwa chini ya mti, kama ufunguo ni tatizo. Nimempa maji ya kunywa. Bado simwamini sana, lakini amejaribu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimechinja kuku wa mwisho. Wengine wameanza kunung'unika. Kuna aliyesema, "Hizi sehemu za Kalunde zinapikwa?" Simlaumu, ana watoto sita.

Jioni nakusanya chiti za kila mtu na kuandika upya kila moja kwenye kurasa za nyuma za daftari hili. Anayekosa chiti tunaenda kumpimia mtaro wake kwa hatua. Ni wiki kumi na moja, wanawake thelathini na mmoja. Nimejua kujumlisha kuliko kupika.

Jumatano, 10 Oktoba

Mawingu. Yameenda.

Jumamosi, 13 Oktoba

Syokau amelia njaa asubuhi mpaka akalala. Nimeinua lile debe, nimelifungua. Harufu ya mahindi makavu ilinipiga. Ningechukua vikombe viwili tu, nani angejua?

Nimefunga. Ng'o! Tukila hii, mvua itatukuta mikono mitupu, halafu mwaka ujao tutakuwa bado tunapangwa foleni na Musembi. Nimechuma mboga za porini nikapika bila chumvi. Syokau amekula akanikasirikia. Akasirike, lakini Novemba atakuwa na shamba lenye kitu.

Jumanne, 16 Oktoba

Afisa wa mradi amekuja na Landrover, Bwana Muli, mtu mnene mwenye kofia. Alikuja kwa sababu wiki tatu hajapata namba yoyote ya kuandika kwenye ripoti. Akatembea akaona matuta yamejaa mlima wote, safi, mengi kuliko ya Julai na Agosti pamoja. Akamuuliza Musembi, "Hizi ni hatua ngapi?" Musembi akasema hajui. "Nani anajua?"

Wote wakanigeukia. Daftari hili nilikuwa nimelifunga ndani ya leso.

"Ninazo namba, bwana. Za matuta mapya na ya zamani. Lakini tunaanza na ya zamani."

Akanyoosha mkono nimpe. Nikamwambia hapana, mimi nasoma, wewe unaandika. Kaluki alikohoa, nikajua anacheka.

Nikasoma chiti moja moja, na jibu la karani, na jibu la kweli. Kwa tano za kwanza aliniangalia. Kwa ya sita akaanza kujumlisha mwenyewe kwenye karatasi. Kwa ya kumi akavua kofia. Akamwita Musembi. "Nusu na nusu ni ngapi?"

"Ni moja, bwana."

"Kwa nini hapa umeandika mbili juu ya nne?"

Musembi akatazama ile karatasi. Niliona uso wake ukibadilika, pole pole, kama mtu anayetambua kwamba amevaa shati nje ndani tangu asubuhi. Akasema, kwa sauti ndogo, "Nilimwandikia mama yangu hivi." Sikutarajia nitamhurumia, lakini nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Bwana Muli akaona aweke mambo sawa upesi. Akasema stoo haina mengi, basi mradi utarudisha nusu ya upungufu, tuelewane, yaishe. Niliona vichwa vikianza kuitikia. Tumechoka. Watu wana njaa.

"Nusu ya nini, bwana?"

"Nusu ya upungufu wenu, mama."

"Mutindi alichimba robo siku hamsini na tano. Hiyo ni vipande kumi na tatu na robo tatu. Mlimpa viwili na robo tatu. Bado kumi na moja kamili, ni kilo arobaini na tisa na nusu. Nusu yake ni ishirini na nne na robo tatu. Hizo nyingine zilizobaki ni za nani? Niambie jina lake niandike."

Akavaa kofia yake tena.

"Hatua za haya matuta mapya utapewa bure," nikasema, "uandike ripoti yako iwe nzuri. Hayo hatukuchimbia mahindi. Lakini ya zamani tunataka yote. La sivyo urudi bila namba."

Aliwasha sigara akaivuta mpaka ikaisha. Kisha akasema lori litakuja Alhamisi. Nikamwambia aandike. Akaandika, akatia sahihi, ndipo nikamsomea hatua za matuta mapya.

Alhamisi, 18 Oktoba

Lori halikuja.

Ijumaa, 19 Oktoba

Lori limekuja! Musembi ndiye aliyesoma majina, na kila jina alikuwa akinitazama kwanza. Alisoma vizuri. Alipomaliza akaniuliza, pembeni, kama naweza kumwonyesha zile namba za chini, asubuhi mapema, watu wasijue. Nikamwambia darasa ni saa nane mchana, chini ya mti, aje na penseli kama wengine. Asipokuja, shauri yake.

Jumatatu, 22 Oktoba

Hakuja. Lakini mvua imekuja, kubwa, mpaka mabati yakanyamazisha kila mtu. Tulitoka nje kutazama mitaro. Maji yalishuka mlimani yakafika kwenye matuta yakasimama.

Jumanne, 23 Oktoba

Tunapanda. Nimempa Mutindi nusu ya mbegu zangu. Hakukataa, hana mambo hayo.

Musembi amekuja darasani. Amekaa nyuma.

Jumatano, 24 Oktoba

Leo Mutindi amekuja na karatasi na stempu. Anataka nimwandikie barua kwa Kisilu, mtoto wake anayeishi Kiboko. Nikamuuliza kuna nini.

Akasema Agosti alimtumia ujumbe aje amchukue, na shamba apewe mtu mwingine alime. Kisilu alikubali kuja mwisho wa mwezi huu. Nilishtuka. Mimi jirani yake sikujua.

"Kwa nini, mwaitu?"

"Kila wiki nilikuwa nachimba, na kila wiki wananipa robo. Nikisema wiki hii nimejitahidi, robo. Nikajiambia, Mutindi, mikono yako imekwisha, wewe ndiye hujui, wenye kalamu wameshaona." Akaigeuza hiyo mikono akaitazama, imejaa tope la kupanda. "Kumbe nilikuwa nachimba."

Nikanoa penseli. Halafu nikamuuliza nimwambie Kisilu nini.

Nimeandika alivyosema, neno kwa neno: Mwanangu Kisilu, salamu. Mama yako amechimba vipande kumi na tatu na robo tatu. Usije kunichukua. Ukija, njoo na jembe.